Mahali pa Kupaka kwa Wepesi

Juni 9, Jumapili

Daftari hili lilikuwa la Baiolojia, kidato cha pili. Mbele kuna panzi niliyemchora nikamwacha bila miguu ya nyuma, maana wiki ile ndiyo niliyoacha shule. Nimeligeuza, naanzia nyuma. Panzi abaki na upande wake, mimi na wangu.

Leo Baba amemaliza meli.

Ameichonga tangu Pasaka, hapa barazani kwetu kijijini Ruanda, kwa kisu na msasa, bila kuiona. Daktari alisema ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi. Anaona mwanga wa mlango basi. Lakini meli ile kubwa ya ziwani aliipaka rangi kila mwaka kwa miaka kumi na tisa, mikono yake inaijua kuliko inavyoujua uso wangu. Hii ndogo urefu wake ni hatua yangu moja. Ubavuni amepigilia misumari ya fundi viatu, mistari na mistari, vichwa vyake vimetokeza kidogo kama punje za ulezi. Madirisha ameyazungushia waya.

Alinikabidhi kwa mikono miwili, kama anavyonikabidhi mwanangu Hilda. "Nimemaliza, mama. Na mikono imemaliza. Nyingine sichongi." Kweli inatetemeka. Jana alijikata mara mbili.

Kahawa ikiisha, Septemba, anarudi kwao Mbaha kwa shangazi Lidia. Anataka aende nayo ikiwa na rangi. "Isiende uchi," alisema.

Mama mkwe akacheka kule jikoni. "Mzee Aidan, wewe na rangi tena? Utaiona kwa macho gani?"

"Rangi inashikika, Mama Sixtus. Brashi inaacha mistari kama matuta. Meli yetu haikuwa na matuta. Tuliipaka kwa upepo wa kompresa."

Nikasema nitaipaka mimi. Sijui nini kilinituma. Nadhani ni harufu. Nilipokuwa mdogo Baba alirudi nyumbani ananuka rangi na dizeli, nywele zina matone meupe, na marehemu mama anamsugua kwa mafuta ya taa huku akimwambia amezeeka akiwa safarini. Mimi nacheka hadi nakohoa. Siku hizi nikipita gereji nikaisikia harufu hiyo, natembea polepole.

Juni 11

Kahawa tangu alfajiri. Zimeiva kwa pamoja kama zimeambiana. Hilda analala chini ya mbuni kwenye kanga. Mikono yangu inanata.

Juni 14

Nimekwenda Mbinga mjini, Hilda mgongoni, meli ndani ya kikapu na shingo yake nje kama bata. Watu wameuliza kama inauzwa.

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi kuna makopo ya spreyi, nyeusi na nyeupe. Unatikisa, unabonyeza, basi. Muuzaji alisema hata mtoto anaweza.

Halafu nikaenda gereji ya Praygod, yule kijana wa Moshi anayeandika majina kwenye malori. Ana kitu kidogo cha chuma, kinakaa mkononi kama kalamu, juu kina kikombe kisichojaza hata kijiko kimoja cha dawa. Anakiita kalamu hivyo hivyo. Mpira unatoka kwenye kompresa, anachora nyoya la tai kwenye bampa, uzi mmoja mmoja.

"Dada, sikiliza," akaniambia. "Kopo ukilibonyeza linatoa linavyotaka lenyewe. Hii inatoa unavyotaka wewe. Ila kopo unajifunza leo. Hii utalia wiki mbili."

"Na kwetu hakuna kompresa."

"Wala hapa, umeme ukikatika." Akaishika meli, akapitisha kidole kwenye misumari. "Nani kachonga?"

"Baba. Haoni."

"Usiipige kopo hii, dada. Misumari itazama."

Nilimwona kama anaringa na chuma chake. Hilda alikuwa analia, gari linataka kuondoka. Nikanunua makopo.

Juni 17

Ukungu. Bonde halionekani, mbuzi wanasikika tu.

Juni 20

Leo nimeitazama meli juani, nusu saa tu ya jua. Upande wa kushoto, chini ya dirisha la jiko la meli, kisu cha Baba kiliteleza. Mikwaruzo miwili, imekutana. Mikono ile jamani. Sikutaka ajue kama nimeona. Nikachanganya gundi ya mbao na vumbi la msumeno, nikaziba, nikapiga msasa. Pamelainika kama shavu la Hilda. Nimejisifu peke yangu.

Juni 23, Jumapili

Baada ya misa nilipiga rangi nyeusi ubavuni. Ukungu ulikuwa bado, lakini nilikuwa nimechoka kusubiri. Mwanzo ilipendeza sana. Nikabonyeza tena, ikateremka michirizi kama machozi. Nikabonyeza juu ya michirizi ili iungane. Halafu, naitazama hivi, nyeusi ikaanza kupauka, ikawa kama imepulizwa unga. Ikafanana na macho ya Baba.

Mama mkwe akatoka na ungo. "Baridi hiyo. Haikauki hapa. Ipandishe kichanjani."

Kichanja cha jikoni kwake ndicho kinachoweka mbegu za mahindi juu ya moto, mwaka mzima, zisiliwe na wadudu. Kila kitu kibichi cha nyumba hii hupandishwa huko. Hata daftari hili lilipolowa mwaka juzi lilipanda. Nikaipandisha, nikaenda kukoboa kahawa na mume wangu Sixtus.

Niliporudi rangi ilikuwa imekauka nusu, na moshi wote wa maharage ya mchana umekaa juu yake. Masizi yamenata. Ukishika ni kama ngozi ya chura.

Juni 24

Lazima niandike yote.

Sikumwambia Baba. Aliomba mwenyewe, baada ya uji. "Iko wapi? Nasikia harufu ya rangi." Ningesema haijakauka. Nikampa.

Aliweka kidole mbele, akakirudisha nyuma taratibu, kama watu wanavyosali rozari. Akafika katikati akarudi mwanzo. Akatumia kidole kingine.

"Misumari iko wapi?"

"Ipo, Baba. Chini ya rangi."

"Chini ya rangi," akasema. Akaigeuza, akashuka hadi dirisha la jiko. Kidole kikatafuta, kikatafuta. Nikaona uso wake umebadilika.

"Luisa. Hapa palikuwa na alama."

"Palikwaruzika, Baba. Nilipaziba. Nilidhani kisu kimekuteleza."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliiweka meli mapajani, akaanza kusema akitazama ule mwanga wa mlango.

"Mwaka uliozaliwa nilikuwa Mbamba Bay, tunapaka rangi. Habari ikaja na mwenye mtumbwi, kwamba mama yako, Tereza, amejifungua mtoto wa kike. Ruhusa hakuna. Nikachukua msumari, nikaandika herufi ya jina lako kwenye chuma, chini ya dirisha la jiko, mahali nahodha hapiti. Kila mwaka tulipoipaka meli, pale nilipaka kwa wepesi. Wenzangu wanapiga mikono mitatu ya rangi, mimi hapo mkono mmoja, isijae. Miaka kumi na minane, Luisa. Haikujaa."

Kumbe ile mikwaruzo miwili ilikuwa L.

Nilikuwa sijui kabisa. Nimekua nikidhani Baba alikuwa mtu wa kuondoka tu. Tunamwona mwezi ukipita, analeta sabuni na sukari, anaondoka. Wenzangu baba zao walikuwepo, wakawapiga, wakawabeba. Nami nilikuwa na harufu ya rangi. Na kumbe muda wote huo nilikuwa nasafiri ubavuni mwa meli, na mtu mmoja ananipitia kwa mkono mwepesi.

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Hukujua, mama." Akaenda kulala mchana, kitu ambacho hafanyi.

Hawezi kuchonga nyingine. Nisipoitoa L hiyo kabla ya Septemba, haipo tena popote. Meli kubwa yenyewe walishaikata vyuma.

Juni 25

Baba hakugusa meli.

Juni 26

Hakugusa. Kahawa, kilele. Sixtus anaumwa mgongo.

Juni 30

Nimemwambia mama mkwe kichanja chake kimeniharibia kazi. Limenitoka tu. Akanitazama, akachukua ndoo, akaenda mtoni. Tangu niolewe nahesabu maneno yake makali, na leo nimempa langu.

Julai 3

Nilipoamka nimekuta mlangoni kopo la tina, ile ya kuyeyusha rangi, na mswaki wa zamani. Sixtus anasema si yeye.

Julai 4

Ni mama mkwe. Alituma kwa Hyasinti wa bodaboda. Alikuja akamchukua Hilda mgongoni kwake na kusema, "Sugua. Mimi naanika kahawa na mjukuu wangu." Nikamwambia, "Mama, nisamehe." Akajibu, "Nyie Wanyasa wa ziwani mna maneno kama samaki wana miiba. Sugua."

Julai 5 hadi 19

Naandika kwa pamoja. Kila siku kidogo, Hilda akilala. Tina na mswaki, msumari mmoja mmoja. Rangi inatoka kama uji ulioungua. Vichwa vikaanza kuonekana, kimoja, kumi, mstari. Sehemu ya gundi ni maji ya moto na sindano. Nikichokonoa sana nitachonga L yangu badala ya ile ya Baba, kwa hiyo nangoja gundi ilainike yenyewe ndipo nainyanyua. Siku ya kumi na mbili mkwaruzo mmoja umefunguka. Siku ya kumi na tano wa pili.

Sijamwita Baba. Nataka aishike ikiwa imekamilika, la sivyo atasema inatosha, na atakuwa ananionea huruma.

Julai 22

Gereji tena. Nikasema, "Praygod, misumari ilizama."

"Nilijua utarudi. Karibu ulie wiki mbili."

Kalamu ukiibonyeza inatoa upepo. Ukivuta kitufe nyuma inatoa rangi. Ukivuta sana inatema. Ukikaribia sana inaotesha miguu ya buibui. Amenipa maganda ya mayai nijifunzie, maana yai likishikwa na rangi nzito unaliona papo hapo. Nimeharibu kumi na moja. Mafundi wake wakanipa jina, Mama Mayai.

Julai 26

Shida yangu ilikuwa uzito wa rangi. Praygod anasema "nyepesi kama maziwa", mimi nachanganya, inatema. Anachanganya yeye, inapita. Leo nikauliza, "Maziwa gani?"

"Maziwa tu, dada. Ya ng'ombe."

Ya ng'ombe hapana. Hilda alikuwa ananyonya wakati huohuo. Nikatazama tone lililobaki mdomoni mwake, linavyoteleza na kuacha njia nyembamba unayoiona ngozi chini yake. Nikachanganya hivyo. Nikadondosha nyuma ya kiganja, kama ninavyopima uji wake. Nikavuta kitufe.

Yai lilipata rangi na vinyweleo vyake vyote vikabaki.

Praygod akaliinua juani. "Mama Mayai, nani kakufundisha?"

"Huyu hapa," nikamwonyesha Hilda, amelala mdomo wazi.

Agosti 2

Praygod anakubali kuniazima kalamu wiki mbili, kwa jogoo. Lakini kompresa haiendi Ruanda, na kuipaka mjini siwezi. Meli inataka mikono mingi na kila mmoja ukauke, nami nina mtoto na kahawa.

Agosti 6

Sixtus amerudi kutoka shambani anacheka peke yake. "Mama Hilda, upepo si upepo? Tairi la gari lina nini ndani?"

Nilidhani jua limemchoma. Lakini baadaye amefika hadi kwa Praygod, wameungana wakafunga mpira wa kalamu kwenye valvu ya tairi la spea. Unalijaza kwa pampu ya mguu, linatoa polepole. Limekuja leo kwa bodaboda, Hyasinti mbele, tairi katikati, mume wangu nyuma amelikumbatia kama bibi harusi. Watu wa Ruanda watasema hadi Krismasi.

Agosti 11, Jumapili

Tumejaribu kwenye kibuyu. Tairi linafanya kazi. Upepo unatosha kikombe kimoja, halafu unapiga pampu tena.

Agosti 15, Kupalizwa Bikira Maria

Jua tangu saa mbili, ukungu hakuna. Baada ya misa mama mkwe alimwagia maji sakafu ya chumba cha nje vumbi lisipande. Akafungua sanduku, akatoa kitenge chake cha sikukuu, kile asichovaa ila Krismasi na harusi, akakitundika kuzunguka meza kama hema.

"Mama, kitapata rangi."

"Kitafuliwa. Na masizi ya kichanja changu yamekutosha."

Sixtus kwenye pampu. Akachoka mgongo, mama mkwe akamsukuma pembeni, akapandisha gauni kidogo, akapiga pampu mwenyewe kwa mguu mmoja huku anasali Salamu Maria kwa kila pigo. Ndiyo ikawa saa yetu. Tuliamua kati ya mkono na mkono tusali rozari nzima, ndipo nipige mwingine. Meli hii imepakwa kwa rozari sita.

Nyeusi ubavuni. Nyeupe nyumba ya juu. Mstari mwekundu kwenye maji. Nilifunika L kwa karatasi mikono mitano yote. Mkono wa sita nikatoa karatasi, nikapita mara moja tu, mbali kidogo, kama unavyopita mlangoni pa mtoto aliyelala.

Baba alikaa nje na Hilda siku nzima. Aliuliza mara moja tu, "Mmepiga mkono wa ngapi?" Mama mkwe akajibu, "Tulia, mzee. Wewe ulikuwa na kompresa, sisi tuna miguu."

Nilimsikia anacheka. Sikuwa nimemsikia tangu Juni.

Agosti 17

Kalamu imerudishwa, jogoo ameenda nayo. Nimebakiza rangi nyeusi kidogo kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, na kizibo nimekaza. Bado inanuka, sitaki aishike mpaka iwe ngumu kabisa.

Agosti 30

Kahawa za mwisho. Mibuni imebaki kama watu waliovuliwa shanga.

Septemba 12

Kesho tunashuka ziwani. Mama mkwe ameifunga meli kwenye kile kitenge. Nikamwambia kitabaki kule. Akasema, "Kibaki. Kina doa." Nimelitafuta doa sijaliona.

Septemba 14, Mbaha

Tumefika jana mchana. Joto limetukumbatia tangu tulipomaliza milima. Hilda ameliona ziwa kwa mara ya kwanza, akanyoosha mkono kama anataka apewe. Shangazi Lidia ametupikia samaki mbasa na ugali wa muhogo, na nimekula kama mtu aliyetoka kifungoni. Niko nyumbani. Mchanga ni uleule, usipa, dagaa wetu, wameanikwa palepale, hata harufu haijahama. Mama tu ndiye hayupo kuniita nitoke majini.

Leo asubuhi Baba alikaa uani, uso umeelekea ziwani. Nikafungua kitenge, nikampa meli.

Akaanza mbele. Nilishindwa kutazama, nikatazama usipa. Halafu nikashindwa kutotazama. Kidole kilikwenda msumari kwa msumari, hakikuruka, hakikurudi. Akapita madirisha, akazunguka waya wa kila moja. Alipofika dirisha la jiko kidole kikasimama.

Kidole kikateremka mstari mmoja, kikageuka kwenye kona, kikaishia.

"Mkono mmoja?" akauliza.

"Mmoja, Baba."

Akaitikia kwa kichwa. Shangazi Lidia alikuwa anajifuta kwa ncha ya kanga akijidai ni moshi, na moto ulikuwa haujawashwa.

"Luisa, nitafutie msumari."

"Wa nini tena?" shangazi akang'aka. "Kaka, mtoto kahangaika msimu mzima, unataka kuikwaruza?"

"Lidia, nani alikuwa baharia?"

"Nani alikuwa anakufulia?"

Nikampa msumari. Rangi ile nilikuwa nimeilinda hata na kucha ya Hilda. Baba akapapasa pembeni ya L, akapima nafasi kwa upana wa kidole, akakaza. Mkono ukatetemeka. Nikamshikia meli isicheze, mkono nikamwachia mwenyewe. Mstari wa kwanza ukaenda upande. Wa pili ukafuata. Wa katikati ukapita kidogo, kama daraja lililozidi mto.

H.

"Imepinda," akasema.

"Hilda naye miguu imepinda, Baba. Itanyooka."

Akacheka, akanirudishia msumari. "Haya. Ipake. Unajua jinsi ya kupaka."

Kalamu sikuwa nayo, wala tairi. Nikatoa ile chupa ya kikohozi, nikadondosha rangi nyuma ya kiganja, ikateleza vizuri. Nikachovya ncha ya kidole changu cha mwisho, nikakipitisha juu ya mikwaruzo mitatu mara moja, nikakiondoa. Shangazi Lidia akaanza rozari bila kuambiwa.

Ilipokauka nimefumba macho, nikapitisha kidole.

Inashikika.